Kamati ya Kuchunguza Choo cha Bi Mwanamkasi

Itangazwe kwa wananchi wote wa Dunda, wenyeji na wapita njia, kwamba kuanzia leo Jumatatu, saa mbili za asubuhi, choo cha nyumba ya Bi Mwanamkasi kimewekwa chini ya uangalizi wa uongozi, na hakuna mtu atakayeingia humo kwa haja yake binafsi pasipo kuandikishwa.

Aliyetangaza ni Bwanaheri, Katibu wa Afya, akiwa amesimama juu ya baraza ya nyumba hiyo hiyo na shati lake la mifuko minne, kila mfuko na kalamu yake. Watu walisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na fungu la dagaa akauliza kama na kukohoa kunaandikishwa. Bwanaheri akamjibu kwamba suala la kukohoa liko kwenye Kamati nyingine.

Ni vizuri kueleza mambo yalivyofika hapo, maana watu wa pwani kwa kutia chumvi hawajambo. Mjukuu wa Bi Mwanamkasi, jina lake Mosi, alikuwa ameposwa na kijana wa Pangani, na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile. Alikwisha kuwekwa ndani kama desturi, asionwe na jua wala na wanaume, na kila siku somo yake, yaani kungwi wake, akimsugua kwa singo, ule unga wa manukato, na kipande cha kumbi la nazi mpaka ngozi ing'ae. Singo ikishakauka na kupukutika, somo akaikusanya akaitupa chooni, na kumbi lake juu. Choo kikaziba. Akaitwa Mtoro, fundi wa mtaa, akaja na ufito wake wa mkoko, akasukuma mara tatu, choo kikameza.

"Mwambieni somo takataka zake azipeleke jalalani," akasema Mtoro. Akanywa kahawa, akaenda zake.

Hapo kisa kingekwisha, kama Bi Mwanamkasi asingekuwa mkweli. Kesho yake alikwenda ofisini kuomba kibali cha shughuli, kwa sababu mwaka ule hakuna sufuria ya pilau iliyoruhusiwa kupanda mafigani bila muhuri. Bwanaheri akamwuliza swali lililokuwa kwenye fomu: je, nyumba ina choo kinachofanya kazi?

"Kipo, mwanangu. Jana kiliziba, leo kimezibuka."

Mtu mwingine angeandika "kipo" na kugonga muhuri. Bwanaheri hakuwa mtu mwingine. Aliweka kalamu chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka darini.

"Kimezibuliwa na nani?"

"Mtoro."

"Ana cheti?"

"Ana ufito."

Basi kibali kikasimamishwa, Kamati ya watu saba ikaundwa, na mgambo Rajabu akawekwa mlangoni kuhakikisha kwamba bila kibali hakuna mgeni wa harusi atakayevuka kizingiti.

Kamati iliamua kukaa palipo na tatizo, yaani uani kwa Bi Mwanamkasi, palipokuwa pia na kivuli na vitumbua. Ajenda ya kwanza ilikuwa chai. Ajenda ya pili ilikuwa jina. Kusema "choo kimeziba" kulionekana ni lugha ya mitaani isiyolingana na hadhi ya wajumbe, na baada ya vitumbua vinne ikapitishwa kwamba tatizo liitwe Mkwamo wa Muda wa Vitu Viendavyo Chini. Ajenda ya tatu ilikuwa vielelezo. Bwanaheri mwenyewe aliingia chooni, akatoka na kopo la kuchambia na ndoo yake, akavifunga karatasi zenye namba, akampa mjumbe mmoja avipeleke ofisini vikafungiwe kabatini.

"Sasa watu watachambia nini?" akauliza Bi Mwanamkasi.

"Uchunguzi hauwezi kusimama kwa jambo dogo, Bibi."

Kisha ukaanza ukaguzi wa ndani. Kila mjumbe aliingia peke yake, mlango ukafungwa, mkononi ana kurasa za taarifa alizoandika Bwanaheri, ili aongeze atakayoyaona. Hawa walikuwa watu makini. Kwa kuwa chai ya Bi Mwanamkasi ilikuwa na tangawizi nyingi, wapo waliokagua kwa muda mrefu sana. Walitoka nyuso zimetulia, mikono mitupu. Bwanaheri aliona ule utulivu wa nyuso akauandika kuwa ni dalili ya maendeleo. Mikono hakuitazama.

Jumanne asubuhi choo kilikuwa kimeziba.

Hakuna aliyeweza kumlaumu Bwanaheri kwa kufurahi. Kama Kamati isingekuwapo, nani angekuwapo kukishuhudia kikiziba? Akaagiza karatasi zaidi, zile nzito za ofisi. Wajumbe wakakagua tena. Jumatano choo kikaziba zaidi, na Bwanaheri akaandika kwamba kadiri jitihada zinavyoongezeka ndivyo tatizo linavyojitokeza waziwazi. Mtoro alikuja na ufito wake mara mbili, mara mbili Rajabu akamrudisha.

"Kaka Rajabu, nipe dakika tano tu."

"Huna cheti, Mtoro. Mimi mwenyewe hapa nimebanwa, nakwenda kwa jirani."

Kwa watu wengine wa nyumba, kwenda kwa jirani ilikuwa kero tu. Lakini mwali hatoki. Na mwali naye ana tumbo kama mtu yeyote. Basi kila Mosi aliposhikwa na haja, bibi na somo walimfunika kanga gubigubi, wakanyosha kanga nyingine mbili juu yake na ubavuni kama hema linalotembea, wakampeleka kwa Bi Dija, nyumba ya nne. Watoto wakafuata nyuma wakipiga vigelegele. Ikafika mahali mtaa mzima unajua tumbo la bibi harusi linakwendaje. Muuza kahawa akawa anasema, "Bado hajapita mara ya pili, haijafika saa nne."

Jumatano jioni Bi Mwanamkasi alimfuata Bwanaheri aliyekuwa akipanga karatasi zake kwenye mkeka.

"Mwanangu, hawa Pangani ni watu wa maneno. Mama mkwe mtarajiwa kishasema mwanawe anaoa kwenye nyumba, haoi kwenye pango. Wakija Ijumaa wakute mgambo mlangoni na choo kimefumba mdomo, watageuza lori lao. Na mtoto wangu akishaachwa siku ya harusi, nani tena atakayemposa?"

"Utaratibu, Bibi."

"Utaratibu? Mama yako alipokuwa na homa, nilikuchambisha mimi kwa mkono huu. Hukuniuliza utaratibu."

Bwanaheri aliandika kwamba mwenye nyumba anatoa ushirikiano, na kwamba uhusiano wake na uongozi ni wa siku nyingi.

Mosi alisikia yote hayo. Chumba chake kilikuwa na dirisha la nondo lililoangalia uani, na mwali hana kazi nyingine ila kukaa na kutazama. Alikuwa ameona mambo. Lakini hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya peke yake.

Ijumaa asubuhi Bwanaheri alifika peke yake. Mfukoni alikuwa na kibali, nakala moja, muhuri umekwisha kugongwa. Kilichobaki ni sahihi yake, na sahihi yake ilingoja ukaguzi wa mwisho: wa chakula, na wa choo. Alianza na chakula kwa sababu kilikuwa karibu. Sahani moja haiwezi kusemea sufuria nzima, kwa hiyo alikagua sahani tatu za pilau, ya juu, ya kati na ya ukoko. Akateremshia kwa bilauri nne za maji ya ukwaju.

Ukwaju hauna subira na mtu, awe na cheo asiwe nacho. Bwanaheri alikuwa katikati ya sentensi, akimweleza Bi Mwanamkasi kwa nini hali ya choo haimruhusu kutia sahihi, aliposita. Akasikiliza, kama anayepokea maagizo kutoka ngazi ya juu. Halafu akasema kwa haraka kwamba ukaguzi wa choo utaanza sasa hivi, na akauanza kwa mbio.

Ndani ya choo kulikuwa kimya, na Bwanaheri akamshukuru Mungu. Shukrani hiyo ilidumu mpaka aliponyosha mkono wa kushoto kutafuta kopo. Hapakuwa na kopo. Akakumbuka liko wapi: kabatini, na ufunguo wa kabati anao mwenyewe. Akapapasa mifuko. Kalamu nne, ufunguo, kibali. Akainamisha macho chini, na hapo, kwenye mdomo wa tundu, akaona ncha ya karatasi nzito imechomoza, na maneno juu yake yanasomeka vizuri: "Hivyo Kamati imejiridhisha kwamba chanzo cha mkwamo hakijulikani." Mwandiko ulikuwa wake. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Hodi!" akaita mwishowe.

Kwa desturi yetu, hodi huipiga aliye nje. Bi Mwanamkasi akasogea mlangoni.

"Hodi ya kuingia wapi, mwanangu? Si umo?"

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Tulishaamkiana asubuhi."

"Naomba kopo la maji."

"Kopo liko serikalini."

"Basi chochote, Bibi. Kata. Bakuli. Chochote kinachoshika maji!"

Bi Mwanamkasi alikuwa mtu wa huruma, na alikwisha kuinama achote maji mtungini. Ndipo sauti ikatoka kwenye dirisha la nondo, sauti ambayo kwa siku kumi haikusikika na mwanamume yeyote.

"Bibi, ngoja. Mwulize ana karatasi gani mfukoni."

Sauti ya Bwanaheri ikatoka, ndogo: "Nina kibali."

"Nilijua," akasema Mosi. "Wenzake wote waliingia na karatasi wakatoka bila karatasi. Mimi nimekaa hapa siku zote natazama. Zilizoingia ni nyingi, iliyotoka hakuna hata moja. Bibi, kama huyu naye atatoka mikono mitupu, mimi sina harusi."

Vijiko vikaacha kugonga sufuria. Wanawake wote uani walikuwa wamemwelewa.

"Bwanaheri," akasema Bi Mwanamkasi, na sasa sauti yake haikuwa ya bibi, "hicho kibali mwanangu usikiguse! Yaani ukiguse, lakini kwa kalamu!"

"Lakini choo hakijapita ukaguzi, Bibi. Itakuwa kinyume cha..."

"Sawa. Basi kaa utaratibu ukuletee maji."

Wakati huo huo honi ya lori ikalia mwisho wa mtaa. Watu wa Pangani, wamelala njiani, wamefika mapema. Zilisikika dufu zao, na sauti ya Rajabu ikisema, "Simameni hapo hapo, kibali hakijatoka!" na sauti ya mwanamke ikiuliza kwa ukali kibali gani, wao wamekuja kuoa au wamekuja mahabusu.

Katika historia yote ya ofisi ile hapajatokea uamuzi uliopita upesi kama huo. Kalamu ilisikika ikikwaruza. Kibali kikatokea chini ya mlango, kimetiwa sahihi, tarehe, na cheo kwa herufi kubwa. Kata ya maji ikapita juu ya mlango. Somo akakimbilia barazani na kibali, Rajabu akakisoma kichwa chini miguu juu, akapiga saluti, na vigelegele vikapasuka.

"Na Mtoro aitwe," Bwanaheri akaamuru kutoka ndani, maana alikuwa bado Katibu.

Mtoro hakuwa mbali. Alikuwa kwa Bi Dija, akingoja. Bwanaheri alipotoka, fundi akaingia na ufito wake, akasukuma, akavuta, akasukuma, na zikaanza kuja: Taarifa ya Kwanza, Taarifa ya Pili, Kumbukumbu za Kikao, na Mapendekezo pamoja na viambatisho. Mtoro akachukua koleo azizoe.

"Acha!" Bwanaheri akapaza sauti. "Usiziguse."

Juu ya ukurasa wa mbele, kwa wino mwekundu usiofutika kwa maji, palikuwa pameandikwa SIRI.

Mtoro akaweka koleo chini. "Sawa, Ndugu Katibu. Mimi siri za Serikali siziwezi. Anazishika nani?"

Bwanaheri alitazama kushoto, akatazama kulia. Wajumbe wake sita hawakuwapo. Kanuni ilikuwa wazi, kwamba karatasi za siri hushikwa na wajumbe tu, na aliyeiandika alikuwa yeye. Akakunja mikono ya shati, mmoja, kisha wa pili, akainama.

Alikuwa bado akizitoa mojamoja na kuzianika ukutani kwa mfuatano wa tarehe, mkono mmoja ameziba pua, wakati mama mkwe wa Pangani alipopitishwa uani na ujumbe wake wote. Mama yule alisimama. Alimtazama mtu wa mifuko minne, akatazama choo, ambacho sasa Mtoro alikuwa akikimiminia ndoo nzima ya maji na chenyewe kikimeza bila hata kucheua.

"Huyu ni nani?"

"Ni Katibu wetu," akasema Bi Mwanamkasi.

"Katibu? Mwenyewe? Na mikono yake?" Yule mama akawageukia wenzake. "Mmeona uongozi huo? Kwetu Katibu hata jalala halisogelei." Akamwendea Bwanaheri, akasimama mbali kidogo, akatabasamu. "Baba, Mungu akuzidishie. Nasi kwetu kuna kimoja, mwezi wa pili huu hakipitishi kitu. Harusi ikisha, tungeomba tukuazime."

Kutoka dirishani kilisikika kicheko cha mwali, ambacho kwa desturi hakisikiki.

Bwanaheri alijinyosha. Kwa mazoea ya miaka mingi akafungua kinywa, akasema, "Leteni maombi yenu kwa maandishi, katika nakala..."

Akaangalia mikono yake. Akaangalia ukuta uliojaa karatasi.

"La," akasema. "Semeni kwa mdomo tu, mama. Nasikia."