Ombi la Kutendewa Kama Marehemu wa Kanisa la Jangwani

Kambi ya Wafanyakazi,
Al-Murabba, Riyadh.

Kwa Bosi Alfayo, Msimamizi wa Kambi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa mahali penye kiyoyozi. Mimi ni mzima, ila mgongo. Nakuandikia kwa heshima kwa sababu wewe ni Mkenya mwenzetu, na ndiwe unayeingia ofisini kwa kafili, tajiri aliyetuleta huku kazini, bila kubisha hodi.

Kama unavyojua, siku hizi tunapelekwa jangwani kuwachimbia wataalamu wa mambo ya kale. Tumefukua kuta za kanisa dogo lililozama mchangani mamia ya miaka iliyopita, na nyuma yake makaburi. Sina ugomvi na marehemu hao. Ni Wakristo wenzangu. Ninacholalamikia ni kwamba wanatunzwa kuliko sisi, na hakuna hata mmoja wao anayeshika beleshi.

1. Kivuli. Kila kaburi limewekewa hema. Sisi tumewekewa jua. Juzi Elly, ninayelala naye chumba kimoja, aliingiza kichwa tu hemani, foremani akapiga kelele, "Yalla, toka! Kivuli hicho ni cha mifupa!" Elly akamwuliza, "Bosi, nikifia hapa nje nitaruhusiwa kuingia?" Foremani akafikiri kidogo, akasema itabidi aulize ofisini.

2. Kuamshwa. Marehemu huamshwa kwa brashi laini, na mtaalamu humpuliza polepole kama mtoto, vumbi limtoke usoni. Mimi kitanda changu hupigwa teke.

3. Kila marehemu ana kadi yake, na inalala kando ya kichwa chake. Pasipoti yangu inalala kabatini kwa kafili.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Katika kaburi moja tumewakuta wawili wamelala bega kwa bega. Kwetu mke huzikwa ubavuni mwa mumewe, kwa hivyo hatukuhitaji kuelezwa. Mtaalamu alituita sote akasema, "Hawa msiwatenganishe. Walilazwa pamoja, watasafiri pamoja, sanduku moja." Nilivua kofia. Mke wangu Peris anafanya kazi ya nyumbani huko Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Nchi ni moja, lakini tangu tufike hatujaonana ila kwa simu, na yeye huiegemeza simu juu ya friji huku akipiga pasi, kwa hivyo namwona utosi.

Kwa sababu hizo naomba unipendekeze kwa kafili nihamishiwe tawi letu la Kandara, Jeddah, ili Ijumaa Peris akipewa ruhusa tukae pamoja. Kama heshima hizi ni za waliokufa pekee, niko tayari kuandikishwa marehemu wakati wa kazi, mradi chakula cha jioni kisikatwe. Sitasumbua mtu. Nitalala nitakapolazwa, na nikipigwa brashi nitatulia. Hata usafiri usiwape taabu: sanduku moja linatutosha.

Nisalimie mpishi, dereva wa basi na paka wa ofisini. Wa makaburini nao hawajambo.

Nakuachia hapo, mtumishi wako ambaye bado yu hai,

Jackton (Baba Valary),
Mchimbaji.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mtaalamu amerudi na majibu ya vipimo. Wale wawili wote ni wanaume. Anasema huenda walikuwa watawa wa kanisa hilo, wakilala chumba kimoja na kula sahani moja hadi mwisho wao. Kwa hoja yangu mwenyewe, basi, mtu nisiyepaswa kutenganishwa naye ni Elly, na Elly anakoroma. Tafadhali kafili asiione barua hii.

Nimempigia Peris nikamsomea yote. Amecheka sana, halafu akaiweka pasi kando. "Baba Valary," akasema, "hiyo mifupa ya watu iache. Mwambie Alfayo unamtaka mke wako, halas."

Basi, Bosi, chana yote niliyoandika hapo juu. Namtaka mke wangu.