Usafi wa Padri na Muhuri Wangu

Jumapili, 12 Mei

Nimetajwa kanisani leo. Wala si kanisa langu. Sisi Walutheri tulikwisha kutoka ibadani, nikawa kwenye kahawa yangu iliyopakana na parokia, nachuma huku nasikiliza. Spika zao hazimbagui mtu.

Padri Projestus kahubiri juu ya wahamiaji. Kasema aliyepalilia migomba yenu miaka ishirini na minane msimwite mgeni. Sawa, hayo ni ya mapadri. Halafu akaongeza kwamba balozi Aroni wa nyumba kumi atasaini fomu ya Anatolia wiki hii, kwa hiyo tumshukuru. Watu wakapiga makofi.

Hakuniuliza! Muhuri ni wangu, unalala chini ya mto wangu, na mtu wa dhehebu lingine anautolea ahadi madhabahuni.

Jioni Anatolia kaja na fomu yenyewe. Aliletwa hapa Buganguzi na mama yake kutoka Burundi akiwa na miaka saba. Mama akafariki, mtoto akabaki kwa mzee Mutembei. Sasa ndiye anayempikia mzee na kumwogesha, na ana watoto wawili shule ya msingi. Jumamosi maofisa wa uhamiaji wanakuja ofisi ya kata. Asiye na maelezo ya balozi anapanda gari kwenda mpakani. Mzee Mutembei alisimama nyuma yake na fimbo.

Nikawaambia nitaishughulikia. Lakini kuna swali ambalo kijiji kizima hakijauliza. Huyu Padri anayetugawia wema, yeye mwenyewe ni msafi kiasi gani? Nisaini kwa neno la mtu nisiyemjua? Nitachunguza kwanza. Siku sita zinatosha.

Joyness, mke wangu, kasema kusaini ni dakika moja. Hana moyo wa utafiti.

Jumatatu, 13 Mei

Parokiani asubuhi. Nilijifanya natafuta miche ya migomba inayostahimili mnyauko. Kokushubila, mpishi wa Padri, kanikaribisha jikoni na sahani ya ndizi kwa maharage. Nikala. Nikaongezwa. Ya tatu niliila kwa ajili ya uchunguzi tu.

Niliyoyaona: Padri anakula kama sisi. Fulana yake kwenye kamba ina tundu begani. Umaskini, au ujanja? Nimeweka alama ya kuuliza.

Kisha bahati ikanifungukia. Kwenye migomba ya parokia kuna kibarua anaitwa Anatory, anakata majani makavu. Nikamuuliza kwao wapi. Ngenge, akasema. Nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji chao ni nani. Akautazama mgomba muda mrefu. Nikamuuliza wanasali wapi huko. Akahamia mgomba mwingine.

Kokushubila kaninong'oneza kwamba Anatory ana miaka miwili hapo na analala stoo, pamoja na majembe. Kwenye daftari langu la wageni jina lake halimo. Nimerudi nyumbani nikitembea haraka kwa furaha.

Jumanne, 14 Mei

Bukoba, juu ya pikapu ya ndizi. Mama mzazi wa Padri anaishi Kagondo, na mti huchunguzwa kwenye mizizi. Mama Alistidia ni mwembamba, macho makali. Nilimwambia nakusanya historia za wazazi wa mapadri. Kafurahi sana. Kanimiminia akamwani kiganjani, nikawa natafuna kahawa na kuandika kwa wakati mmoja.

Kasema Projestus akiwa na miaka tisa aliiba sukari kabatini, akailamba yote. Nimeandika: *Wizi. Sukari. Robo kilo.*

Halafu akanigeuzia kibao. Kaniuliza ukoo, baba, babu. Nilipomtaja babu akajipiga mapajani kwa kicheko. Kasema anamjua kwa simulizi. Alivuka kutoka Uganda na mbuzi wawili, hana ndugu, hana jembe, na babu wa mume wake akampa migomba hapo hapo Kagondo, kabla ukoo wetu haujahamia huku Muleba. Hakuulizwa kitu chochote, kasema, aliulizwa tu kama ameshakula.

Habari nzuri, ila haihusiani na kazi yangu. Babu alikuja kabla ya fomu. Pasipokuwa na fomu hapakuwa na mgeni, hilo linajulikana. Sikuiandika kwenye ripoti.

Jumatano, 15 Mei

Nimeandika barua. Kurasa mbili, bila jina, sahihi ikiwa *Mwananchi Mpenda Ukweli*. Hoja zangu: Padri anayehubiri juu ya wahamiaji anaficha mhamiaji. Anamlaza na majembe wakati nyumba ya mapadri ina chumba cha wageni chenye pazia. Aliiba sukari. Mtu kama huyo atuambie nini?

Alfajiri nikaibandika kwenye ubao wa matangazo wa parokia, nikarudi nikanywa chai kwa amani.

Saa sita Padri kaja nyumbani na barua mkononi. Kanisalimia kwa jina na kunishukuru kwa barua. Nikasema barua gani. Akanionyesha mwisho wa ukurasa wa pili. Muhuri wangu, mviringo kamili, wino wa bluu, *Balozi Aroni, Buganguzi*. Mkono wangu ulikwenda wenyewe! Miaka kumi na moja sijawahi kumaliza barua bila kugonga.

Nilingoja ukali. Hakuna. Kaketi, kasema yote ni kweli, hata ya sukari, ila ilikuwa nusu kilo. Kasema alipokuwa anaandaa mahubiri yale Anatory alikuwa chini ya dirisha lake anakata majani, na yeye aliinamisha macho akaendelea kuandika. Sauti yake ilishuka. Nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye mchunguzi.

Kabla ya kuondoka kaniuliza kitu. Kama yeye ni mchafu, Anatolia ameishi hapa miaka mingapi?

Ishirini na minane, nikajibu. Mtoto yeyote anajua.

Basi andika hivyo, akasema.

Swali lina mtego mahali. Bado nautafuta.

Alhamisi, 16 Mei

Padri kaisoma barua yangu kwenye sala ya jumuiya, mbele ya watu wote! Nilisimama nje, karibu na dirisha. Kaisoma yote bila kuruka. Kisha akasema Anatory ni Mrundi, hana karatasi, na kwamba ameomba ruhusa yake kabla ya kulisema hilo. Kasema alimpa mtu kazi na stoo, akakiita hicho ukarimu. Tangu jana Anatory yuko kwenye chumba chenye pazia. Jumamosi watapanga foleni pamoja kwa maofisa, na lolote litakalomkuta Anatory litamkuta Padri akiwa kando yake.

Gaudiosa, jirani yangu, ambaye hajawahi kumsifu mtu akiwa hai, kalia. Watu wakampa Padri mikono. Mzee mmoja kasema leo ndipo amemwamini.

Sielewi. Mimi nimeleta matope, yeye kajengea nyumba. Nilidhani mtu akivuliwa nguo watu humkimbia. Hawa wanasogea karibu. Lazima kuna kanuni fulani, na nitaijua.

Nimeamua kwenda Ngenge kesho, kuuliza kama Anatory alidanganya kwamba ni wa huko. Joyness kasema mtu mwenyewe amekwisha kukiri. Kukiri si ushahidi.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua. Sikwenda.

Anatolia kaja mchana. Kafunga nguo zake kwenye kitambaa, akaja nazo ili niamini kwamba yuko tayari kwa lolote. Hakumtaja Padri. Kanieleza utaratibu wa mzee Mutembei: ndizi zipondwe, chumvi kidogo, dawa ya presha kabla ya chai, na mguu wa kushoto ndio unaouma asije akashikwa huo. Kaniomba niandike, maana mimi huandika kila kitu. Watoto atawaacha kwa Gaudiosa hadi muhula uishe.

Kisha akauliza kama nakumbuka mwaka ule wa kipindupindu, alivyombeba mtoto wangu Lilian mgongoni hadi zahanati mimi nikiwa Bukoba. Akasema hanidai, anauliza tu kama nakumbuka.

Nakumbuka. Nikamwambia ataipata fomu asubuhi, na nilimaanisha. Kama Joyness asingekuwa anatazama ningelia.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeamka mapema nikaijaza. Fomu ina mistari sita chini ya *Maelezo ya balozi*. Sita tu! Nimeandika kwa penseli, maana mtu makini huanza na penseli. Nimeeleza kwamba ombi hili lililetwa na Padri, kwamba nilimchunguza Padri huyo siku tano, kwamba alikutwa na dosari ya stoo na dosari ya sukari, kwamba dosari ya kwanza ameirekebisha, na kwamba kwa ujumla anaweza kuaminiwa kwa masharti. Mstari wa sita ukaishia kwenye masharti.

Nikampa Joyness asome, nikitegemea sifa. Kasoma mara mbili. Kaniuliza jina la Anatolia liko wapi.

Nikaitazama fomu. Halikuwamo. Nikamweleza kwamba lingekuja kwenye karatasi ya ziada, na nikatoka kwenda kuazima karatasi kwa Gaudiosa.

Niliporudi Joyness alikuwa na kifutio cha Lilian mkononi na vumbi la penseli mezani. Kwenye mistari yangu palikuwa na sentensi moja ya wino: *Anatolia amekuwa mwenzetu hapa Buganguzi tangu akiwa na miaka saba, alimbeba mtoto wangu.* Chini yake muhuri wangu, umegongwa sawasawa. Fomu ikachukuliwa, wakaondoka wote kwenda kata. Mimi nikapewa mzee Mutembei. Amekataa ndizi zangu, na nilimshika mguu wa kushoto.

Saa tisa wamerudi. Anatolia kapewa karatasi ya kuendelea kuishi hapa wakati shauri lake linashughulikiwa. Amelia mikononi mwa mzee, na mzee kala sahani nzima. Anatory na Padri waliambiwa warudi baada ya wiki mbili, wote wawili. Gaudiosa anasema ofisa aliisoma fomu ya Anatolia kwa sauti, akasema balozi huyu anajua kuandika.

Nimefurahi kweli. Bila siku zangu tano za utafiti kusingekuwa na cha kufuta.

Ila jambo moja linanisumbua, na nimeanza daftari jipya kwa ajili yake. Joyness alishika muhuri wa serikali bila idhini. Mwanamke huyo nimeishi naye miaka kumi na tisa, na sasa naona sikuwahi kuuliza ni msafi kiasi gani. Jumatatu nitaanzia kwa mama yake.