Mlango wa Mathilde

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Nyumba ya Tembo ya mji wa Hohenbrück iliwatangazia raia wote wa Ujerumani, pamoja na wa nchi ambazo bado hazijabahatika kuwa na kamati, kwamba Jumapili ijayo Mtukufu Mtawala angefungua nyumba ya tembo inayoishinda ile ya Berlin. Ilikuwa na nguzo za Kimisri, kuba la Kihindi na vigae vya buluu. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya tembo mwenyewe: hakuenea mlangoni.

Kamati haikuwa na kosa. Mathilde, tembo huyo, alipoletwa kwenye bustani ya wanyama alikuwa ndama. Akapimwa, kipimo cha mlango kikapigwa muhuri. Kisha kamati ikajadili miaka nenda miaka rudi kama nguzo ziwe za Misri au za Uhindi, na muda wote huo Mathilde, aliyewekwa katika banda la magari ya farasi, alikuwa akikua bila idhini.

Mwenyekiti, Bwana Ottokar Brandel, alikuwa hapati usingizi. Sherehe ikienda salama, angepewa cheo cha heshima cha Mshauri wa Siri, na mkewe Hedwig angeitwa Bibi Mshauri wa Siri. Mjini Hohenbrück mke huamkiwa kwa cheo cha mumewe hata akienda kununua nyama, na Hedwig alikuwa amechoka kumpisha Bibi Mkaguzi wa Mifereji katika duka la mikate.

"Mwenyekiti, huyu haingii," alisema Alois, mtunza tembo. "Panueni mlango."

"Kipimo kina muhuri, Alois. Kukibadili kunahitaji kamati ya vipimo iliyokipitisha, na hiyo tulishaivunja."

"Basi mwandikie Mathilde barua arudi utotoni."

"Acha mzaha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mfundishe kuinama."

"Akiinama ndiyo anazidi kutanuka, mzee!"

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Ottokar, tembo ataingia?" Hedwig aliuliza.

"Kikanuni, ameshaingia."

"Sikuulizi kanuni. Ukiniaibisha mbele ya yule mke wa mifereji, bwana, utakula kabichi baridi mpaka ufe."

Jumapili ikafika. Tarumbeta zikalia, soseji zikachomwa, bia ikafurika. Kwa itifaki, mnyama hawezi kuwatangulia wakubwa. Kwa hiyo Mtawala aliingia kwanza, akafuatwa na meya, kisha Brandel na kamati yake, wakajipanga kwa vyeo juu ya majani makavu ya tembo. Nje ya nondo za chuma za upande wa mbele umati ulisubiri, mifuko imejaa vimkate vya kumlisha mnyama, kama ilivyo desturi ya kila Jumapili.

Mathilde akaja. Akaingiza kichwa, akaingiza masikio, akafika mabegani, akanasa. Mlango wa nyuma haukuwepo, maana ulizibwa ili kuweka sanamu ya Mtawala.

"Brandel," Mtawala alinong'ona, "anatoka lini?"

"Mtukufu, kikanuni ndiyo kwanza anaingia."

Saa ya chakula cha mchana ikapita. Tumbo la Mtawala likanguruma, na kuba la Kihindi likalirudisha vizuri sana.

"Jamani, yule mwenye manyoya kofiani ana njaa!" akapaza sauti muuza samaki mmoja, mama mnene, akarusha kimkate.

Mtawala akatazama kushoto, akatazama kulia, akakiokota. Umati ukashangilia. Mara vimkate vikanyesha, na meya na mweka hazina wakagombania chenye zabibu. Askari walitaka kukata nondo, lakini kukata mali ya mji kulihitaji sahihi ya mwenyekiti, na kalamu yake ilikuwa kwenye koti aliloliacha nje.

Ikabaki njia moja: chini ya tumbo la Mathilde, kati ya miguu yake, kwa kufuata vyeo. Mtawala alitambaa kwanza, nishani zikiburuzwa mavini. Nje Alois aliwapokea mmoja mmoja.

"Karibu, Mwenyekiti. Unakumbuka ule usemi wako? Mtaka cha mvunguni..."

"Nyamaza!" akasema Brandel, akiwa bado mvunguni.

Mathilde alipoona ndani hakuna tena vimkate, akarudi kinyumenyume bila kusukumwa, akaenda kunywa bia ya wapiga tarumbeta.

Mtawala akafuta magoti, akatoa uamuzi. Nyumba imepitishwa, haitaguswa bila kamati. Ila nyumba bila wakazi ni hasara. Basi kamati iundwe upya, ikae humo, nyuma ya nondo, kila Jumapili mbele ya umma, mpaka ikubaliane kuhusu mlango mpya.

Bado inakaa. Imeshakubaliana kwamba mlango unahitajika. Kilichobaki ni kama uwe wa Kimisri au wa Kihindi.

Jumapili iliyopita Hedwig aliingia katika duka la mikate. Wote wakampisha, hata Bibi Mkaguzi wa Mifereji.

"Karibu, Bibi Tembo," akasema mwoka mikate.

Hedwig akainua kidevu, akanunua vimkate vya zabibu, akaenda kusimama kwenye nondo. Brandel alikuwa katikati ya hoja nzito ya nguzo. Alipomwona mkewe akaiacha hoja, akasogea, akanyoosha mkono.

"Inama kwanza, bwana," akasema Hedwig.

Akainama.