Rafiki Mwenye Mafua

Jumatatu, 6 Oktoba
Wiki ya pili chuoni. Bado sijaingia bwaloni. Nikifika mlangoni naona vichwa mia tatu, miguu inagoma. Nakula biskuti chumbani, nimejifunika shuka. Mama amepiga simu, akauliza nakula na nani. Na rafiki yangu, nikajibu, tunamwita Mcheshi. Akataka kumsalimia. Loo! Nikabana pua, nikamwamkia mwenyewe. Mcheshi ana mafua.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama kamwombea Mcheshi apone. Mimi hakuniombea. Nina wivu na mtu asiyekuwepo!
Kisha akaniambia nimpishe, ana neno na mwenzangu. Nikabana pua. Akasema tangu niondoke anaandaa sahani mbili mezani, halafu moja anairudisha kabatini. Eti nisiambiwe. Pua ilibanwa, macho yakavuja.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama kamuuliza Mcheshi kama kweli mwanawe anakula. Mcheshi, mropokaji yule, kasema hapana! Kasema binti yako anaogopa bwalo, anaogopa wahadhiri, anamwogopa hata mwenzake wa chumbani, akisalimiwa anajifanya amelala. Mama akasema kesho anakuja.
Kaniponza! Nimlaze Mcheshi hospitali? Mama atataka kumwona. Nimpe msiba? Atataka kutoa pole. Basi, amehama chuo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Njia ya mwongo fupi. Mama kafika. Nilipoanza tu kusema Mcheshi amehama, akaniambia nibane pua, ana neno naye. Nikatamani ardhi ipasuke. Alijua tangu Jumatatu! Aliyenifuta kamasi miaka yote hiyo, nimdanganye kwa pua?
Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema yule mwenye mafua ndiye pekee aliyekuwa anamwambia ukweli. Nikalia. Naye akalia. Akanishika mkono hadi bwaloni, akamwita na mwenzangu wa chumbani. Tukala watatu. Katika vile vichwa mia tatu, hakuna hata kimoja kilichonigeukia! Nikaapa mbele ya Mama: uongo basi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekwenda bwaloni na mwenzangu wa chumbani. Moyo ulidunda, lakini sahani nimeimaliza. Tukiwa bado mezani, shangazi akapiga. Ana wasiwasi, anauliza kama nimepata hata rafiki mmoja. Mwenzangu huyu hapa, ubavuni, angeweza kumsalimia. Hofu ikanipanda. Nikasema ninao wawili, Mcheshi na dada yake.
Shangazi anataka kuongea na huyo dada. Nimemwambia asubiri kidogo, natafuta sauti.