Jenerali Hataki Kulala

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mjukuu wangu Heritier kavuka ziwa kwenda Kalemie. Kaniachia farasi wake, yule ambaye wageni hupiga naye picha ufukweni. Anaitwa Jenerali. Kaniusia majani, maji, na nimtazame anavyopumzika, eti farasi husemea hapo hali yake. Nikamwambia nimelea watoto, mbuzi na babu yake, wote nawajua walivyolala. Apande boti aende!

Maana nina mpango. Jumamosi Dainess, dada yake Heritier, anaolewa. Ujiji nzima itamwona bibi harusi akifika kanisani juu ya farasi! Verediana, jirani yangu wa nyuma ya ua wa matete, alikuwa ameshajitolea punda wake. Nimeiambia kamati imshukuru sana. Punda abaki nyumbani.

Shule sikukanyaga, herufi niliziokota kwenye kitabu cha nyimbo. Lakini jambo kubwa kama hili haliwezi kukaa kichwani tu.

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Jenerali anachechemea akiwa amesimama. Mguu mmoja wa nyuma kaukunja, ncha ya kwato tu ndiyo inagusa chini, kama kijana aliyeegemea duka. Nikaukanda kwa mawese ya moto. Akabadilisha, akakunja wa pili. Nikaukanda na huo. Akarudia wa kwanza! Kufika adhuhuri farasi anang'aa mpaka mkiani na nzi wa Kigoma yote wako kwangu. Verediana akachungulia, akauliza kama nataka kumkaanga.

Eliakimu, afisa mifugo, alikuwa anapita na pikipiki kwenda Mwandiga. Akacheka mpaka akashuka. Akasema huyo anasinzia wima, anapumzisha miguu ya nyuma kwa zamu. Angetanguliza mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia, hapo ndipo ningemwita.

Nikamwambia najua. Nilikuwa namlainisha ngozi.

Jumatano, 11 Juni

Jenerali hajalala chini tangu afike! Askari wa kweli. Nimewatangazia kisimani. Punda wa Verediana yeye kutwa yuko vumbini, miguu juu. Nikasema kwa sauti kwamba kuna wanyama wanafanana na wenye nyumba.

Verediana akanijibu kupitia matete: "Wangu analala kwa sababu moyo wake umetulia, bibie. Wako anaogopa." Wivu mtupu.

Ila jioni Eliakimu aliporudi nilimsimulia ushujaa huo, na uso ukambadilika. Kumbe kusinzia wima hakutoshi. Usingizi wenyewe farasi huupata akiwa amejilaza. Asipojilaza siku na siku, ama anaumwa, ama mahali hapamfai, ama hajisikii salama.

Nikafikiri sana. Nikaona kosa langu. Jamani, ni mgeni! Mgeni gani anajilaza ovyo kabla hajaonyeshwa pa kulala? Nikatoa mkeka wangu wa heshima, ule wa kukalia mchungaji. Nikautandika. Nikamwambia karibu baba, jisikie nyumbani.

Akaula. Akaanzia pembeni.

Alhamisi, 12 Juni

Labda hajui namna. Nikaamua kumwonyesha. Nikajilaza mbele yake kwenye nyasi, ubavu, taratibu, ili aone magoti yanavyotangulia. Nikafumba macho kwa mfano.

Nikaamshwa na kilio. Verediana anachungulia juu ya ua, mikono kichwani, anawaambia watu nimefia malishoni. Honorata wa kwaya ameshaanza wimbo wa msiba, tena ule mrefu. Jenerali kasimama juu yangu, masikio wima, ananilinda.

Nikawaambia sijafa, na nikifa Verediana asilie, sauti yake inatisha wanyama.

Ijumaa, 13 Juni

Leo sicheki. Jenerali alikuwa amesimama, kichwa kikashuka, kikashuka, magoti ya mbele yakakatika ghafla. Akaanguka, akainuka anatetemeka, damu gotini. Akaniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nasema askari! Nikamkumbatia shingo, nikalia kama mtoto, na mawese yote gaunini.

Eliakimu akasema ni kukosa usingizi. Kamba nimeifunga fupi, sakafu ya banda nimeifagia ikawa kama jiwe, na yuko peke yake. Farasi hujilaza akijua mwenzake yuko macho. Na kesho asibebe mtu.

Mwenzake nimtoe wapi? Hapa jirani mwenye miguu minne ni mmoja tu.

Nikaenda. Verediana akanikalisha, akanipakulia ugali na migebuka, akaningoja nimeze tonge la kwanza ndipo nianze kujidhalilisha. Akataka niseme punda wake ni mzuri. Nikasema. Akasema hakusikia, matete yanazuia sauti. Tulikuwa meza moja! Nikasema tena. Punda kaja, lakini kesho yeye ndiye atambeba bibi harusi. Nikakubali. Samaki akanikwama.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi naenda kwenye banda: Jenerali kalala ubavu, miguu kainyoosha, mdomo wazi. Nikapiga yowe mtaa mzima ukaja. Amekufaaa! Akainua kichwa, akanitazama kama mtu asiye na malezi, akakirudisha kwenye nyasi kavu nilizomtandikia. Akakoroma. Punda kasimama pembeni, zamu yake.

Kisha wakaja kumchukua punda kwa ajili ya harusi. Jenerali akaanza kujiinua. Basi nikavua gauni jipya, nikavaa kanga, nikasimama pale aliposimama punda. Akajilaza tena. Harusi ikapita barabarani. Dainess akanipungia mkono akiwa juu ya punda, analia na kucheka. Alipendeza! Sitamwambia Verediana.

Jumanne, 17 Juni

Sasa mambo ya kulala farasi nayajua yote. Nani mwingine Ujiji ameona farasi akikoroma? Nimetangaza: leo, kwangu, njooni mtazame, msije mikono mitupu. Mabenchi nimeyapanga kumzunguka. Bonifasi, kijana wa Verediana, kaleta spika kubwa. Punda nimemrudisha kwao, alikuwa anawaziba watazamaji.

Watu wamejaa. Muziki unapiga. Jenerali kasimama wima tangu saa tatu, macho yamemtoka, hata mguu hakunji.

Eliakimu kaja, kaangalia, kashika kichwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mbona ni jambo dogo: Bonifasi aongeze sauti, huyu anangoja wimbo wa kubembeleza.