Hatua Kumi na Moja za Crescencio Huerta

Nileteeni kalamu iliyochongwa vyema, na karatasi nyeupe isiyo na doa la mafuta, na wino mweusi. Na kama wino hakuna, nileteeni maji yaliyochemshiwa maharage meusi, yatatosha. Njoni mkae, enyi watu wa Santa Rita Tepozán, ninyi wa kwenye foleni ya kinu na ninyi mnaojifanya hamsikilizi, mpate kusikia habari za vita vikuu vilivyopiganwa mwaka huu katika ua wa jirani yangu. Msaada namwomba Santa Rita mwenyewe, mwombezi wa mambo yasiyowezekana, kwa kuwa hili lilikuwa mojawapo. Mimi ni Obdulia, mke wa Filemón mchinja nguruwe, na ukuta wa ua wangu ndio huohuo ukuta wa ua wake. Basi niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama juu ya ndoo.

Shujaa wetu ni Crescencio Huerta mwana wa Tirso, Mwenye Sauti ya Radi, Bwana wa Kipaza Sauti, Simba wa Kiti cha Kamba, Asiyeinuka. Ni kompadre wetu, maana ndiye aliyemshika mwanetu wakati wa ubatizo, akiwa ameketi. Kwa miaka thelathini na minane amekuwa mtangazaji wa kijiji: kipaza sauti kimefungwa juu ya paa lake, na kila asubuhi huwatangazia watu kwamba kwa fulani kuna tamale za unga wa mahindi, kwa fulani punda amepotea, wala hajapata kutumia maneno matano pale ambapo ishirini yanapatikana. Kila tangazo hulifunga kwa kusema kwamba limetoka “katika makao ya Crescencio Huerta”, kana kwamba nyumba ile ilifagiwa na kupikiwa na yeye peke yake. Kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye bomba la maji ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa hakuzitembea hata siku moja. Aliyezitembea ni mkewe, Herlinda.

Herlinda alikuwa rafiki yangu. Alipanda kichaka cha mirto pembeni mwa ua, chenye vijiua vyekundu vyembamba, na kila mwaka, mahindi yanapoanza kukauka shambani, alikuja pale ndege mvumaji wa rangi ya kutu. Ni ndege mdogo kuliko kidole gumba changu, mwepesi kuliko sarafu, asiyetua anapokunywa bali husimama hewani huku mabawa yakivuma. Mwalimu wa shule alituambia kwamba hutoka nchi za barafu, kaskazini kabisa, akivuka milima na majangwa majuma kwa majuma, bila mzigo na bila mtu wa kumwekea chakula, mpaka kwenye kichaka kile. Herlinda akimwona alisema neno moja tu, “Kafika”, kisha alipika sufuria kubwa la atole, uji wetu wa mahindi wenye mdalasini, na kila apitaye mlangoni alipewa kikombe.

Herlinda alifariki mwaka juzi, mwezi wa Januari. Kichaka chake kilimfuata mwezi wa Aprili, kwa kiu. Ndege alipokuja mwaka ule alivizunguka vile vijiti vikavu mara tatu, akaruka ukuta, akaja kwangu. Mwaka jana hata kuzunguka hakuzunguka. Na kwetu hapa hakuna asiyejua kwamba mvumaji akija nyumbani kwako amekuletea salamu za marehemu wako. Basi pale kinuni, wanawake wakisubiri unga, mambo yakawa hivi:

“Mmesikia? Herlinda anamtumia salamu Obdulia. Mumewe mwenyewe hana habari naye!”

“Kamkimbia, hata mauti hayakumzuia!”

“Jamani mwacheni mama wa watu apumzike. Miaka arobaini na moja mtu yuko mekoni tu.”

Maneno hayo yalimfika Crescencio. Kwa siku mbili kipaza sauti kilinyamaza, punda wakapotea bila kutangazwa. Aliumia mzee yule, aliumia kweli, nami nilifurahi kwamba ameumia. Nasema wazi ili msije mkadhani mwandishi wa kisa hiki ni malaika.

Ilipoingia Septemba ya mwaka huu, saa moja asubuhi, mbingu za Santa Rita zilitetemeka.

“Enyi wakazi watukufu! Enyi wazao wa wachimba mifereji! Mwaka huu ndege wa marehemu mke wangu atatua…”

“Hatui, kompadre! Anasimama hewani!” Filemón wangu alidakia kutoka upande wetu wa ukuta.

“…atasimama hewani katika makao ya Crescencio Huerta, kabla wafu wetu hawajaja mezani siku ya pili ya Novemba! Nisipompata, na niitwe mjane wa mke aliyenikana! Nimesema! Na kwa Filemón kuna nyama ya nguruwe.”

Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa, na watu wakaenda kununua nyama.

Kampeni ya kwanza ilikuwa ya chupa. Shujaa alikuwa amesikia kwamba watu wa mjini Puebla hutundika chupa ya maji ya sukari na wavumaji huja kunywa. Lakini sukari huyeyushwa kwa maji ya moto, na moto hupatikana jikoni, nchi ambayo Crescencio hakuwa ameikanyaga. Akaniita ukutani.

“Komadre, hivi jiko langu linawashwaje?”

“Jiko la nani?”

“Langu.”

“Kama ni lako, liulize.”

Kwa hiyo akaijaza chupa pulque, ile pombe yetu ya mkonge, akisema kwamba msafiri wa masafa marefu huhitaji kitu cha kumchangamsha. Hakuja mvumaji. Walikuja sisimizi, safu baada ya safu, na nyuma yao nyigu, nao walikunywa wakalewa wakawa hawaambiliki. Mwana wa Tirso alipambana nao kwa kofia, akiwa amekaa, kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu, akajeruhiwa sikio la kushoto, na chupa ikaanguka ikapasuka.

Kampeni ya pili ilikuwa na akili zaidi, na ndiyo iliyomwaibisha zaidi. Ninyi mnajua jinsi tunavyowatandikia wafu njia ya petali za cempasúchil, yale maua ya manjano, tangu barabarani hadi mezani, wasije wakapotea. Crescencio alifikiri, akajikuna kidevu, akaona kwamba ndege aletaye salamu za wafu bila shaka hupita njia ya wafu. Akaagiza gunia zima la maua kabla ya msimu, akatandika petali kutoka lango hadi kwenye vijiti vya mirto, akikisogeza kiti chake mbele kidogo kidogo ili asilazimike kuachana nacho. Hapo ndipo ilipokuwa hesabu mbovu, maana mvumaji hana haja na ua lile, hamna cha kunywa humo, na tena yeye haendi kwa miguu. Waendao kwa miguu ni bata mzinga. Wale wetu saba waliiona njia, wakaingia langoni wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, wakala petali moja baada ya nyingine kwa heshima kubwa, mpaka wakafika mbele ya shujaa na kumtazama usoni.

“Kompadre!” Filemón alipiga kelele. “Wafu wako wamefika! Wana njaa!”

“Ondoa majeshi yako, ewe mchinjaji, kabla damu haijamwagika katika makao haya!”

“Mwaga maji kwanza, mzee. Damu baadaye.”

Siku nne baada ya hapo ndege alifika. Alipita juu ya vigae vya chupa, akapita juu ya mabaki ya petali na juu ya kofia ya Crescencio, akavuka ukuta, akaanza kunywa kwangu. Nami nikashuhudia ajabu: Asiyeinuka aliinuka. Alinyoosha mkono wa kulia kama sanamu ya uwanjani.

“Ewe msafiri mtukufu! Ewe uliyevuka majangwa na vilele! Je, nyumba hii huitambui? Si mimi niliyekuwa nikikaa hapa mwaka hata mwaka, kukupokea?”

Ndege alihamia ua jingine. Mkono wa Crescencio ukashuka, na sauti iliyotoka baada ya hapo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mazishi.

“Komadre. Mbona haji kwangu?”

Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka juzi, nimelihifadhi vizuri.

“Unataka nikwambie?”

“Niambie.”

“Kichaka anachonywea hapa ni cha Herlinda. Alikuja nacho Desemba ile ya mwisho wake, kitawi tu, kwenye kopo la pilipili, tumbo limemvimba kwa maradhi, anatembea kwa kushika ukuta. Akaniambia, ‘Kaa nacho, Obdulia. Kwangu kitakufa kwa kiu. Crescencio ataona siku kimeshakauka.’ Halafu akarudi kwenu, akachota maji, akamwagilia kile kingine. Wewe ulikuwa umekaa hapohapo ulipo. Ukamwambia aangalie asikulowanishe viatu.”

Nilitaka maneno hayo yamkate, na yalimkata. Alivitazama viatu vyake. Akakaa. Mimi niliingia ndani kupika maharage, nikayaunguza.

Asubuhi yake lango langu lilibishwa. Alikuwa Crescencio, amezunguka kwa barabarani, kofia mkono mmoja na kopo tupu la pilipili mkono wa pili.

“Komadre, naomba kitawi.”

“Hotuba iko wapi?”

“Sina.”

Nilikuwa na vitawi kadhaa vilivyokwisha kushika mizizi. Nikampa kimoja, chenye maua matatu.

“Lakini sikiliza. Mimi siji kumwagilia. Hata uniite kwa hicho kipaza sauti chako.”

“Sawa.” Akageuza kofia mikononi. “Ndoo ya Herlinda… ilikuwa inakaa wapi?”

Miaka arobaini na moja, ndugu zangu.

“Nyuma ya mlango wa jikoni, kompadre. Penye msumari.”

Sasa nyamazeni kabisa, na mwenye mtoto analia amtoe nje, maana tumefika kwenye tendo lenyewe. Kwa hatua ya kwanza goti la kulia liliasi, na la kushoto likaliunga mkono. Kwa hatua ya tatu kiti cha kamba kilimwita kwa jina, naye akageuka, akakitazama, akapiga moyo konde. Kwa hatua ya tano alipumzika. Kwa hatua ya nane alimlaani babu aliyejenga ua mkubwa namna ile. Kwa hatua ya kumi na moja alilifikia bomba, nalo li chini, karibu na ardhi, na mtaka cha mvunguni sharti ainame: akainama, akatweta, akajaza, akarudi zile kumi na moja huku maji yakimmwagikia viatuni, na hakulalamika. Mwalimu wa shule anasema yule ndege huvuka maelfu ya maili. Simbishii, lakini ndege yule hana goti bovu.

Akafanya hivyo asubuhi na jioni, Oktoba nzima. Sisimizi walirudi, akawazungushia majivu. Jiko akaliwasha, nyusi zikaungua kidogo. Na kila ndege alipokuja kwangu, Crescencio alimtazama akinywa, kisha akaenda kujaza ndoo. Ilipofika wiki ya mwisho nilijikuta namfukuza yule ndege kwa upande wa shali yangu, nikimnong’oneza, “Nenda kule, wewe, nenda kule.” Filemón aliniona, akacheka hadi akakaa chini.

Siku ya pili ya Novemba meza ya Herlinda ilikuwa tayari: picha yake, mkate, chumvi, na ile glasi ya maji ya kiu ya wafu, ambayo safari hii Crescencio aliichota mwenyewe. Saa mbili na robo asubuhi nilikuwa juu ya ndoo yangu, nikitafuta sababu ya kuwa pale. Mvumaji aliacha kichaka changu. Akapanda juu ya ukuta, akasimama hewani kama anayekumbuka kitu, akashuka upande wa pili, mbele ya lile kopo. Akanywa ua la kwanza. Akanywa la pili. Akanywa la tatu. Haikufika hata sekunde kumi, akarudi kwangu, penye maua mia tatu, na huko ndiko alikoshinda.

Crescencio alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Hakunitazama. Aliingia ndani, na mara nikasikia kipaza sauti kikikoroma kule juu ya paa.

“Haya,” alisema Filemón, akaweka kisu chini. “Leo hatuchinji. Tutakuwa tunasikiliza mpaka jioni.”

Kijiji kizima kilisubiri. Kilisikika kikohozi, kisha pumzi, kisha pumzi tena.

“Kafika.”

Watu wakadhani umeme umekatika. Kisha sauti ikarudi.

“Nyumbani kwa Herlinda kuna atole. Ina madonge. Karibuni.”

Basi na iandikwe, na wajukuu wasome, wasioamini waje wanione: kwamba siku ya wafu, saa mbili na robo, ndege wa rangi ya kutu alikunywa maua matatu katika ua ule, na kwamba mwana wa Tirso alizitembea hatua kumi na moja, kwenda na kurudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kalamu naiweka chini, kwa kuwa nilichukua kikombe changu na kwenda kwa njia ya barabarani, kama wageni wengine, nikakuta foleni imefika kinuni. Alikuwa akigawa mwenyewe, amesimama, viatu vimelowa.

“Imeungua kidogo, komadre.”

“Naona,” nikasema, nikanywa hadi chini, na madonge yake.