Kamati ya Kumrudisha Komanda

Alhamisi, 1 Machi 1984

Msiba! Wameikata Pirogi ya Nyota, tamthilia yetu ya redio.

Saluni yangu ilijaa kama kila Alhamisi jioni. Watu kwenye mabenchi, watu mlangoni, watu wamekalia ndoo. Papa Amuri, mwuza samaki, alikuwa kwenye kiti, povu mashavu yote mawili. Nikaongeza sauti ya redio. Wiki nzima hatujalala vizuri: Komanda Bolumbu ananing'inia nje ya pirogi yake, ule mtumbwi wa chuma, huko juu kati ya sayari, kamba inakatika, hewa inamwishia, na yule Mfalme wa Vumbi anacheka. Hata nzi walitulia.

Badala ya ngoma ya kufungulia, sauti ya mwanamume ikaanza kueleza ugonjwa wa mihogo.

Tukafikiri ni kosa. Tukangoja. Mihogo ikaendelea kuugua. Ndipo mtangazaji akasema, kama mtu anayetangaza mvua, kwamba tamthilia imekwisha na kipindi cha kilimo kimechukua nafasi yake.

Imekwisha? Mtu ananing'inia!

Papa Amuri aliondoka na shavu moja limenyolewa. Wengine wakamfuata. Saluni tupu. Nikamwambia mke wangu Colette kwamba huu ndio mwisho wa utamaduni katika mji wa Kisangani. Akasema ni vizuri kujua dawa ya mihogo, maana ile ya shamba letu la Lubunga majani yameanza kujikunja. Kuna siku najiuliza nilioa nani.

Jumamosi, 3 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Zone nzima, wakaaji wote wa mtaa, tumeinamia mifereji na majembe, hakuna ruhusa ya kuondoka. Wasikilizaji gani bora kuliko hao? Nikapanda juu ya chungu ya takataka nikatangaza Kamati ya Kumrudisha Komanda. Makofi makubwa! Kweli, walikuwa tayari kupigia makofi chochote kitakachowapumzisha majembe. Haidhuru. Makofi ni makofi.

Kisha Waziri akafungua kinywa.

Waziri ni jina lake tu, si cheo: ni fundi wa kushona, kibanda chake kinatazamana na saluni yangu, na kila asubuhi naamka nikitumaini amehama. Alisema rais wa kamati lazima awe mtu anayeijua Pirogi. Nilisema rais ni yule aliyewaza jambo kwanza. Akaniuliza, mbele ya watu wote, mwezi mdogo wa sayari ya nne unaitwa nani. Nikataja jina lililonijia: Tungulu. Watu wakaanguka kwa kicheko. Tungulu ni kitunguu. Nilikuwa na njaa, ndiyo sababu.

Hapo hapo akaunda kamati yake. Ameiita Kamati ya Kweli ya Kumrudisha Komanda. Ya Kweli! Nusu ya watu wangu walivuka mfereji wakaenda upande wake.

Jumatatu, 5 Machi

Nimekwenda redioni. Nilivaa abakosti yangu ya harusi, koti la kufungwa mpaka juu. Shingoni hainipendi tena. Direktere, mkubwa wa redio, alinipokea akiwa amesimama, ili nisikae. Nikaeleza uchungu wa umma. Akajibu kwamba umma huo yeye hajauona. Tangu tamthilia ianze hakuna hata mtu mmoja aliyefika mlangoni pake kuisifu.

Nikasema: mimi nimefika.

Akasema mtu mmoja si watu. “Lete watu, bon, tutaona,” akasema, huku akifungua mlango. Ahadi! Ahadi ya mkubwa, kwa kinywa chake mwenyewe.

Uani nikakutana na Tonton Benoît. Kwenye kitambulisho ana jina lingine la uhalisia, la Kiafrika kama serikali ilivyoamuru, lakini hakuna anayelikumbuka, hata yeye. Ndiye mtengeneza sauti: pirogi ikiruka, ni pampu ya baiskeli ndani ya pipa; Mfalme wa Vumbi akitembea, ni Tonton Benoît anaburuta kabati. Aliniambia anayeandika yote ni Mama Adèle, mwalimu wa hesabu, mtu wa Yanonge, na sauti ya Komanda ni yake yeye mwenyewe. Mwalimu wa hesabu! Nilimwona moyoni mwangu: mrefu, mabega mapana, macho ya chui.

Tonton Benoît akaanza: “Lakini, Augustin, ungeenda kumuuliza kwanza yeye, juu ya nini ile kitu ilikatika...” Nikamwambia sina nafasi. Kiongozi akianza kuuliza-uliza, jeshi linalala.

Alhamisi, 8 Machi

Matayarisho. Maandamano ni Jumatatu, kutoka Kabondo mpaka redioni. Kofia za anga: sufuria. Miwani ya anga: chupa hazikukatika vizuri, tumeacha miwani. Bango: shuka la Colette, lile la wageni. Hajajua. Rangi nyekundu, herufi kubwa, naweza kusema nzuri: TUNATAKA KOMANDA WETU ARUDI!

Toka mchana cherehani ya Waziri inalia bila kupumzika. Nilipita mbele ya kibanda chake kana kwamba natafuta kuku. Anashona kanzu za kitambaa cha kung'aa! Kwa watu wake wote! Na mabawa mgongoni! Katika Pirogi hakuna mtu mwenye mabawa. Huyo ndiye anayejidai kuijua.

Nimewaagiza watu wangu wasugue sufuria kwa mchanga.

Jumanne, 13 Machi

Naandika nikiwa nimelalia tumbo. Mgongo unauma kwa sababu ya saruji ya kachoti, chumba cha mahabusu. Nieleze kwa utaratibu.

Jana asubuhi tuliondoka vizuri, sufuria zinametameta. Kwenye mzunguko wa barabara, nani anatokea upande wa pili? Waziri na malaika wake. Hakuna aliyekubali kupisha. Tukasimama uso kwa uso, sufuria na mabawa, wale wanaimba, sisi tunaimba, kila mmoja kwa nguvu zaidi. Watu wa soko wakaja kutazama. Kila aliyekuja alimwuliza aliyetangulia kuna nini, na aliyetangulia alisoma bango langu.

Neno likaenda mdomo kwa mdomo: Komanda anarudi.

Hapo nikasikia kitu ambacho sikukipanga. Sauti zikashuka. Mama mmoja akamnyakua mtoto wake. Mwenye duka akateremsha bati la mlango, trrr! Na jirani yake, trrr! Papa mmoja mzee akaniuliza taratibu, mkono wake umeshika wangu: “Mwanangu, ni komanda gani? Anakuya na wale wa zamani?” Nilitaka kumwambia ni mama mmoja wa redioni. Alikuwa amekwisha kukimbia, na fimbo yake ameiacha chini.

Mji huu umeona makomanda wa kutosha wakati wa vita vya waasi, miaka ishirini iliyopita. Mimi pia niliwaona, nilikuwa kijana, nilijificha siku kadhaa chini ya kitanda cha shangazi. Sijui niliwezaje kusahau. Nadhani ni rangi. Ilipendeza sana kwenye shuka.

Jeep ikafika. Askari akauliza nani mkubwa wa jambo hili. Waziri, ambaye hajawahi kukubali urais wangu hata mara moja, alininyoshea kidole akasema kwa heshima kubwa: “Président iko huyu.”

Hatimaye.

Kachoti. Kisha chumba chenye meza, picha ya Rais wa nchi aliyevaa kama komanda, na mtu wa usalama anayeitwa Hemedi, mpole, na upole ndio ulioniogopesha. Akaniuliza komanda huyo yuko wapi sasa.

Nikasema: ananing'inia.

Akaandika. Akaniuliza ananing'inia wapi. Nikasema nje ya pirogi yake, juu ya sayari ya nne. Akaweka kalamu chini. Akasema: “Papa, miye niko na uvumilivu. Lakini iko na mwisho.” Ikabidi nianze tangu mwanzo: kijiji cha wavuvi, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, jinsi walivyokichonga kikawa pirogi. Nilieleza kwa mikono. Nilipiga sauti ya pampu kwa kinywa. Nilipofika kwa Mfalme wa Vumbi aliyeyameza maji ya sayari nzima na bado analia kiu, Hemedi alikuwa amesogeza kiti.

“Alors, kamba ikakatika?”

Nikasema hapo ndipo walipoleta mihogo.

Alitukana. Si mimi; aliitukana mihogo.

Hata hivyo hakuniachia. Alisema huenda hadithi ni fumbo la waasi. Ndipo Colette akaingia na sufuria, ndani mkate wa muhogo wa chikwange na liboke ya samaki wa kufungwa majani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama cha vita. Hakunitazama. Akamwuliza Hemedi mume wake anashitakiwa nini. Kuongoza uasi, akaambiwa. Colette akacheka mpaka akashika meza. “Huyu? Kuongoza? Chef, hata mbuzi yetu hainamufuate! Miye niko bibi yake, na miye pia sinamufuate!”

Hemedi akachana karatasi. Niliachiwa kwa sababu hiyo. Afadhali ningefungwa.

Njiani Colette alilia, kidogo, akatembea mbele yangu. Alisema jana yote alipita kila ofisi akiuliza kama bado niko hai. Nikambebea sufuria.

Ijumaa, 16 Machi

USHINDI! Redio imetangaza: Pirogi ya Nyota inarudi Alhamisi! Hemedi alimpigia simu Direktere kujua kamba ilikuwaje, na simu ya mtu kama huyo haiulizwi mara mbili. Barabarani watu wananipa mkono. Papa Amuri amerudi kunyolewa shavu la pili, ingawa sasa yote mawili yamekwisha kuota sawasawa.

Nikaenda mbio Mangobo kumpelekea Mama Adèle habari njema. Nilibeba nanasi.

Ni mfupi. Amevaa miwani, ana kanga ya nyumbani, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikafikiri ni dada yake. Kisha akasema “Karibu, Papa,” nikaitambua sauti: Komanda!

Nilimweleza yote, sufuria, kachoti, simu. Hakutabasamu. Aliondoa miwani.

Alisema yeye ndiye aliyeikata. Direktere alimtaka Komanda aimbe nyimbo za chama, na Mfalme wa Vumbi aondolewe kabisa, maana mkubwa fulani alijiona ndani yake. Akakataa. Akamwambia heri Komanda abaki kwenye kamba, hapo kila mtu atajimalizia hadithi kichwani mwake, na kichwani mwa mtu hakuna direktere. Wakakubaliana: kimya, bila makelele. Na sasa kwa kuwa umma umedai na usalama umeagiza, redio itaendelea bila yeye.

“Nilifunga mulango miye mwenyewe,” akasema. “Wewe umeuvunja, Papa, na wezi wameingia. Na umekuya na nanasi.”

Sauti ile ile. Ile Komanda aliyomwambia nayo nahodha mwoga katika pango la barafu. Nilipokuwa mtu wa kusikiliza tu, niliipenda sana.

Nikauliza sasa nani ataandika. Akasema ni fundi mmoja wa kushona, amepeleka mfano wa kipindi chake redioni tangu Jumanne.

Nimerudi kwa miguu. Nanasi aliniachia.

Alhamisi, 22 Machi

Saluni imejaa kupita siku zote. Hemedi naye amekuja, amekaa mbele, benchi zima amelipata kwa hofu ya wengine.

Pirogi ya Nyota, imeandikwa na Waziri. Komanda sasa ni Florentine, mpwa wa Direktere, anayesoma kama anayehesabu sahani. Kamba haikukatika, kumbe kulikuwa na kamba nyingine. Mfalme wa Vumbi hayupo, amekwenda likizo. Wakaaji wa sayari ya nne wanamiminika na ngoma kuimba sifa za umoja, na wimbo ulikuwa mrefu kuliko safari ya mwezini. Kisha hotuba. Kisha sayari nzima inagawiwa kadi za chama. Wote wana mabawa.

Tulikaa tukitazama miguu yetu. Papa Amuri alikuwa na machozi ndani ya povu. Hemedi alisimama, akavaa kofia, akaniambia kwa sauti ndogo kabisa: “Juu ya hii njo ulifungiwa, kweli?”

Waziri alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani, akipokea pongezi ambazo hakuna aliyempa.

Colette alizima redio.

Jumamosi, 24 Machi

Siku mbili za majonzi. Nimemwaza Mama Adèle na madaftari yake. Mtu amejenga pirogi kwa kichwa chake peke yake, na mimi nimemsaidia mwizi kuipigia kasia. Niliapa mbele ya kioo cha saluni: Augustin, kamati basi. Kata nywele za watu, nyamaza, uzeeke.

Leo, salongo. Nilikuwa nasafisha mfereji bila neno. Lakini kila niliyekaribia alinong'ona kitu kimoja: Pirogi hii ya mabawa haivumiliki, laiti ingekatwa. Mmoja, wa pili, wa tatu. Mfereji mzima! Umma wenyewe! Ningefanya nini?

Chungu ya takataka ilikuwa pale pale, ndefu kuliko zamani.

Kamati mpya imeundwa. Tutaifuta tamthilia na Mama Adèle atapata kimya chake. Atafurahi kiasi gani! Nimemwandika kuwa rais wa heshima. Nitamwambia baadaye, sasa sina nafasi. Rangi ipo. Colette yuko sokoni mpaka jioni. Safari hii nimetumia akili na bango nimeliandika kwa maneno machache, ili asiwepo mtu katika mji wote wa Kisangani wa kulielewa vibaya:

KOMANDA AONDOKE!